SDL tunalipa kila mwezi: kwa nini isigharamie mafunzo ya akili mnemba kwa wafanyakazi wa biashara ndogo?

Mhasibu wa Tabata (mleta uzi)

Wakuu, salaam kwenu. Uzi huu ni mrefu. Naomba wenye biashara za watu wachache, wafanyakazi wenyewe, na wanaojua mambo ya VETA (mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi) na halmashauri wachangie.

Kazi yangu ni kutunza vitabu vya hesabu vya biashara ndogo hapa Dar: maduka ya vipuri Gerezani, mchapaji Kariakoo, duka la dawa Tabata, ofisi ya uwakala wa forodha kule bandarini. Kila mwezi, kabla ya tarehe 7, naandaa PAYE (kodi ya mshahara) na SDL za wateja wangu. Wengi huijua PAYE kwa sababu inakatwa kwenye mshahara. SDL, tozo ya kuendeleza ujuzi, hailalamikiwi sana kwa kuwa mwajiri anaitoa mfukoni mwake na mfanyakazi haioni. Ni asilimia 3.5 ya mishahara yote tangu Julai 2023, kwa mwajiri mwenye watu 10 na kuendelea.

Chukua mchapaji mwenye wafanyakazi 11, wastani wa mshahara laki nne. Jumla ni shilingi 4,400,000 kwa mwezi, SDL yake 154,000. Kwa mwaka ni shilingi 1,848,000. Mteja wangu mmoja wa aina hiyo kila akisaini malipo ananiuliza: hela hii inanirudia kwa njia gani? Nimemweleza kwamba kwa miaka mingi theluthi moja ya makusanyo ndiyo imekuwa ikikwenda VETA na zilizobaki zinaingia kwenye mahitaji mengine ya serikali, mikopo ya wanafunzi wa vyuo vikuu ikiwemo. Hayo yote ni mambo mema. Ila yeye anataka kujua kama kijana wake anayekaa kwenye kompyuta dukani atapata chochote humo, na jibu la kweli ni kwamba hakuna mlango wa kumpitisha.

Nasema haya sasa kwa sababu akili mnemba imeshaingia madukani bila kubisha hodi. Karani wa forodha anapiga picha ankara ya Kichina iliyotoka Guangzhou, anaitafsiri kwa simu, kisha anajaza fomu. Mchapaji anaagiza programu imtengenezee kadi ya harusi. Msichana wa dukani anaandikiwa majibu ya wateja wa WhatsApp. Hakuna aliyewafundisha. Wameokota hapa na pale, video moja YouTube, rafiki mmoja kazini.

Matokeo yake nayaona kwenye makaratasi. Karani mmoja aliiuliza programu kiwango cha SDL ikamjibu asilimia 4.5, na kwamba inamhusu kila mwajiri mwenye watu wanne. Hiyo ilikuwa sheria ya zamani. Kikomo cha watu 10 kimekuwepo tangu Julai 2021, na kiwango kimeshuka tangu hapo. Programu ilijibu kwa uhakika kabisa, kwa sababu inajibu kutokana na maandishi iliyolishwa, na maandishi mengi kuhusu kodi zetu mtandaoni ni ya miaka iliyopita. Mtu aliyefundishwa angejua kwamba kiwango cha kodi kinasomwa kwenye Sheria ya Fedha ya mwaka husika, programu ikaachiwa kazi ya kupanga barua na majedwali.

La pili linanitisha zaidi. Watu wanabandika humo namba za vitambulisho vya taifa (NIDA) za wateja, nakala za leseni, orodha za mishahara, hata maelezo ya wagonjwa wa duka la dawa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inafanya kazi tangu Mei 2023, Tume yake ipo, na sheria hiyo ina masharti kuhusu kupeleka taarifa za watu nje ya nchi. Mwenye duka hajui kwamba karani wake ameshazipeleka.

Sasa kwa nini mwenye biashara asiwalipie mwenyewe? Wengi wangependa. Lakini ukimfundisha kijana wako akaiva, kampuni kubwa ya Masaki inamchukua kwa kumwongeza laki mbili. Gharama imebaki kwako, faida imehamia kwa mwingine. Kila mmoja akihesabu hivyo, hakuna anayefundisha, na sekta nzima inabaki nyuma. Hapo ndipo serikali ina sababu ya kuweka mkono, kwa kuwa kijana huyo popote atakapokwenda ndani ya nchi ujuzi wake haupotei.

Milango iliyopo naiheshimu ila haiwafiki hawa. Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri haina riba, lakini imelengwa kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu wanaoanzisha au kukuza mradi. Kituo cha Buni pale COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia, Kijitonyama kinalea wabunifu. SIDO, shirika la viwanda vidogo lililoanzishwa 1973, inajua sana usindikaji na mashine. Mama wa miaka 38, mtunza stoo kwenye duka la watu saba Buguruni, ambaye kesho atatakiwa kutumia programu inayokadiria mzigo wa kuagiza, aende wapi?

Pendekezo langu: mwajiri anayelipa SDL aruhusiwe kudai sehemu yake irudi pale anapogharamia mafunzo ya mfanyakazi yaliyoidhinishwa, na akili mnemba iwemo kwenye orodha hiyo tangu mwanzo. Kwa wale wa chini ya watu 10 wasiolipa, liwepo dirisha dogo linalotokana na mfuko huohuo. Nawasikiliza.

Mzee wa Kariakoo

Mhasibu, nimekusoma mpaka mwisho na hesabu zako ni sahihi. Mimi ni muuza vyombo vya jumla mtaa wa Kongo. Juni 2024 tulifunga maduka hapa kwa ajili ya kodi na kamatakamata, kwa hiyo usinielewe vibaya nikisema: mimi naomba wapunguze hiyo 3.5 kwanza, mafunzo nitajijua.

Ninaloogopa ni hili. Siku serikali itakapotangaza kuna hela ya mafunzo ya akili mnemba, vyuo vya mfukoni vitazuka wiki hiyohiyo. Watu wataitwa ukumbini, chai, kalamu, daftari, picha ya pamoja, cheti. Jioni kijana anarudi dukani hajui hata kuandika swali kwa ile programu. Hela imekwisha na ripoti imeandikwa kwamba wafanyabiashara kadhaa wamejengewa uwezo. Tumeyaona hayo kwenye ujasiriamali.

Mhasibu wa Tabata

Mzee wangu, hofu yako ndiyo iliyonifanya nisipendekeze semina. Fedha ikitolewa kwa mwandaaji, atajaza ukumbi. Ikirudishwa kwa mwajiri baada ya kazi kuonekana, mwajiri atamchagua mwalimu kwa ukali, kwa kuwa ametanguliza hela yake.

Mafunzo yafanyike dukani, juu ya kazi ya duka hilo. Kwako wewe, kwa mfano: kijana atengeneze orodha ya bidhaa inayoeleweka, aandike majibu ya wateja wa mikoani wanaoagiza kwa simu, alinganishe mauzo ya mwezi huu na uliopita ajue ndoo zipi zinakaa. Mwisho wa mafunzo vitu hivyo vitatu viwepo, na mkaguzi anaweza kuja kuviangalia. Mwalimu awe amesajiliwa VETA. Sehemu ya malipo ibaki mpaka hapo.

Kuhusu kupunguza kiwango, siungani nawe. Ikishuka kwa nusu nzima ya asilimia, mchapaji wangu wa watu 11 atabaki na 22,000 kwa mwezi. Hela hiyo itaishia kwenye umeme.

Mbongo wa Leicester

Wakuu, huku Uingereza walijaribu kitu kinachofanana na hicho, niwape nikijuacho. Mei 2024 serikali ilifungua maombi ya mfuko wa majaribio wa mafunzo ya akili mnemba kwa kampuni ndogo na za kati, zenye wafanyakazi wasiozidi 249. Serikali ilichangia hadi nusu ya gharama, kikomo pauni 10,000 kwa kampuni. Dirisha lilikuwa la mwezi huo mmoja tu, na lilihusu sekta ya huduma za kitaalamu na biashara: wanasheria, wahasibu, washauri na kadhalika. Mwenye karakana au mgahawa hakuwemo.

Uzuri wake, kampuni ilipaswa kuonyesha mfanyakazi yupi anafundishwa nini. Nusu nyingine unatoa mwenyewe kwa hiyo huombi kwa kujaribu bahati.

Mhasibu wa Tabata

Ahsante sana mkuu. Hapo kwenye sekta ndipo ningetofautiana nao. Wahasibu na wanasheria ndio wenye uwezo wa kujifunza wenyewe, wana kompyuta, wanasoma Kiingereza siku nzima. Tukianza nao hapa, fedha yote itaishia Posta na Masaki. Na nusu kwa nusu kwa duka la watu sita ni mzigo. Kwao mchango wa mwenye duka ningeuweka kwenye muda: amwachie mfanyakazi saa za kazi bila kumkata mshahara.

Dada wa Sinza

Shikamoo Mzee wa Kariakoo, habari zenu wengine. Mhasibu umegusa hapo kwenye muda, ngoja niseme kama mfanyakazi.

Nimeajiriwa duka la nguo, tunauza zaidi Instagram. Tuko wanne. Simu ni yangu, bando langu, na kujifunza nimejifunza usiku nikiwa nimechoka. Bosi anafurahi kazi inakwenda haraka, lakini nilipomwomba anilipie kozi fupi aliniambia nikimaliza nitaondoka. Sikumlaumu, ila ukweli ni kwamba hata bila kozi naweza kuondoka.

Mambo ambayo ningetaka mtu anifundishe siyo yale ya kuonyesha maajabu. Programu inapojibu mteja inaandika Kiswahili cha tangazo la redio: "Tunafuraha kukufahamisha kwamba bidhaa tajwa inapatikana." Mteja wa Sinza kauliza "bei ya mwisho sh ngapi dada?" anaona kama anaongea na benki, anaondoka. Nilikaa nayo mwenyewe nikagundua nikiipa mazungumzo yetu ya zamani kama mifano inabadilika, inaandika kama sisi. Hilo lilinichukua muda mrefu kuliko ilivyostahili.

Halafu picha. Bosi alipenda tuvalishe gauni mwanamitindo wa kutengenezwa. Gauni likaonekana linamwagika chini kama hariri, kumbe ni kitambaa kizito cha kawaida. Wateja wakalirudisha, wengine wakatuandika vibaya kwenye maoni. Sasa nani wa kutuambia mpaka wa kupendezesha na kudanganya uko wapi? Mafunzo yenye maana yangeanzia hapo, maana hasara ya kutoaminika ni kubwa kuliko gharama ya mpiga picha.

Na cheti kiwe cha kwangu, kisitoke kwa jina la duka.

Fundi wa Gerezani

Dada umeongea kitu. Mimi nina karakana, ufundi umeme wa magari. Vijana wangu wanasoma namba za hitilafu kwa mashine ya kupimia, kisha wanaiuliza programu maana yake kwa Kiswahili. Inasaidia sana, kwa sababu vitabu vya gari hizi ni vya Kijapani au Kiingereza. Lakini namba moja kwenye Toyota ya mwaka huu na ile ya nyuma inaweza kuwa na maelekezo tofauti ya kurekebisha. Kijana asiyeujua waya ananunua kifaa cha laki tatu, anafunga, tatizo liko palepale. Anayeujua ufundi anasoma jibu, anasema hapana, hili haliendani na dalili ninazoziona.

Swali langu kwa mleta uzi. Mchapaji wako akiwafundisha watu wake 11, baada ya mwaka atabaki nao wote? Wachora nembo na kadi pale Kariakoo wanalia, mteja anakuja na mchoro wake tayari kautengeneza kwenye simu.

Mhasibu wa Tabata

Fundi, siwezi kukuahidi atabaki nao wote. Kazi ya kuchora kadi ya kawaida imeshapungua, na kutowafundisha hakutairudisha. Nilichokiona kwa mchapaji mmoja ni kwamba mteja anakuja na mchoro wa simu ambao hauchapiki: picha ina ukungu ikikuzwa, rangi za kioo si rangi za wino, herufi za Kiswahili zimekosewa. Kuna kazi ya kuusafisha mchoro huo na kuuandaa kwa mashine, na anayeiweza analipwa. Kijana anayejua wino na karatasi ndiye wa kufundishwa hiyo kwanza. Asipofundishwa yeye, atafundishwa mwingine asiyejua wino.

Ila hoja yako naichukua kwa uzito: mwajiri anayedai marejesho ya mafunzo asiwe ndiye anayewaachisha haohao ndani ya mwaka. Sharti hilo liandikwe.

Mwalimu wa Ufundi

Nimefundisha ufundi stadi muda mrefu, niruhusuni niongeze mawili.

Kwanza, alichosema Fundi ndicho sahihi. Tusianzishe kozi iitwayo "akili mnemba" ikasimama peke yake. Iingizwe ndani ya fani: ushonaji, umeme wa magari, upishi, utunzaji wa stoo. Fundi cherehani ajifunze kukadiria vitambaa vya oda ya sare za shule na kuandika bei kwa mteja, na ajue pale programu inapokosea vipimo. Wiki mbili za namna hiyo, saa mbili kwa siku, zinatosha kumwanzisha mtu anayeijua kazi yake.

Pili, njia ya kuwapima wanaojifunzia mtaani tunayo. Kuna urasimishaji wa ujuzi: fundi asiyepita chuo anapimwa anachokijua, anazibwa mapengo, anapewa cheti cha VETA chenye jina lake. Serikali kupitia Ofisi ya Waziri Mkuu imewagharamia vijana wengi kwa njia hiyo, na pia kwenye uanagenzi, ambapo mwanafunzi anagawa muda wake kati ya chuo na kazini. Dada wa Sinza angepimwa hivyo, kwa kuwa kujifunza ameshajifunza, kilichobaki ni mapengo na karatasi yake.

Tatizo letu ni walimu. Wengi wetu tulifundishwa kabla ya vitu hivi kuwepo. Fedha yoyote ikipatikana, sehemu ya kwanza ipelekwe kwa walimu wa VETA wenyewe, wakakae kwenye karakana na maduka waone kazi inavyofanyika leo.

Mdau wa Halmashauri

Mhasibu, sahihisho dogo kwenye mikopo ya asilimia 10. Mgawo ni 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu, na mwenye ulemavu anaweza kukopa peke yake bila kikundi. Ilisimamishwa Aprili 2023, ikarudi Julai 2024 kwa utaratibu mpya. Uko sahihi kwamba haiwezi kumlipia mfanyakazi wa mtu mafunzo. Na isigeuzwe, maana huo ni mkopo, unarudishwa. Mwenye duka hakopi ili amfundishe mtu atakayeondoka.

Lakini watu wa kupokelea maombi ya maduka madogo tunao: maafisa maendeleo ya jamii na maafisa biashara. Wanazijua biashara za kata zao kuliko ofisi yoyote ya Dodoma. Dirisha dogo mnalolisema likipita kwao na majina yakabandikwa ofisi ya kata, wananchi watajua nani kapata.

Mbongo wa Leicester

Niongeze mawili ya nchi nyingine, kwa sababu mjadala umefika kwenye nani ashike hela. Singapore waliamua imfuate mtu: tangu Januari 2016 kila raia wa miaka 25 na zaidi alipewa dola 500 za Singapore za kulipia mafunzo anayoyataka. Malaysia waliamua ikae kwa mwajiri: mwenye watu 10 na zaidi anachangia asilimia 1 ya mishahara, kisha anadai kutoka kwenye mchango wake anapofundisha watu.

Mzee wa Kariakoo

Hiyo ya Malaysia ndiyo nimeielewa. Watu 10, kama hapa, ila kule hela ina jina la mwenyewe. Na majirani zetu Kenya?

Mhasibu wa Tabata

Kenya mwajiri analipa NITA, mamlaka yao ya mafunzo ya viwandani, shilingi 50 za kwao kwa kila mfanyakazi kwa mwezi, na anaweza kuomba kurejeshewa gharama za mafunzo yaliyoidhinishwa kabla hayajafanyika. Kiwango chao ni kidogo mno ukilinganisha na chetu, na bado mlango wa kudai upo. Sisi tunachangia zaidi, mlango haupo.

Mzee, nimefurahi umeikubali hiyo. Nimeanza kuandika barua. Wizara ya Fedha hupokea mapendekezo ya wadau kuhusu maboresho ya kodi kabla ya bajeti, na Kamati ya Bajeti ya Bunge husikiliza maoni juu ya Muswada wa Sheria ya Fedha mwezi Juni. Nitaweka ombi moja tu, lisije likazama kwenye orodha ndefu: mwajiri anayelipa SDL adai hadi theluthi moja ya alicholipa kwa mwaka, dhidi ya mafunzo yaliyofanyika kazini na mwalimu aliyesajiliwa. Kwa mchapaji wa watu 11 hiyo ni 616,000 kwa mwaka. Inatosha kumleta mwalimu dukani kwa wiki mbili alizotaja Mwalimu, na kuwanunulia vijana bando wakati wa mafunzo.

Kiambatisho kitakuwa na masharti yenu: wasiachishwe kazi ndani ya mwaka, cheti kiwe cha mfanyakazi, wajifunze ndani ya saa za kazi, na somo la kwanza liwe taarifa za wateja zisizoruhusiwa kuingizwa kwenye programu. Dirisha la maduka ya chini ya watu 10 nitaliandikia barua ya pili, kwa njia ya kata kama alivyoshauri Mdau.

Ninachohitaji sasa ni wenye biashara za watu 10 hadi 20 walio tayari jina la biashara yao liwekwe kwenye barua, pamoja na SDL waliyolipa mwaka jana. Msiweke hapa hadharani, nitumieni kwa ujumbe wa faragha.

Mzee wa Kariakoo

Duka langu na la ndugu yangu wa mtaa wa Aggrey, andika yote mawili. Risiti za malipo zipo, kijana atakuletea Tabata Jumatatu.